Mashine Zisizojibiwa

Sisi tunaoishi mpakani tumeyazoea maswali. Dereva atokaye Dar es Salaam na shehena ya kwenda Lubumbashi, akifika Tunduma huulizwa: wewe nani, watoka wapi, waenda wapi, na karatasi zako ziko wapi? Zamani maswali hayo aliulizwa mara mbili, upande wetu kwanza, kisha upande wa Nakonde, Zambia. Mwezi wa Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ili gari lisimame mara moja tu. Aliyewahi kuiona foleni ya malori ya Tunduma anajua thamani ya kujibiwa upesi, na kujibiwa na mtu mmoja anayehusika.

Nimeutaja mpaka kwa sababu insha hii inahusu mashine ambayo, kila inapowashwa, husimama mpakani na kuomba ruhusa ya kuendelea. Ni kompyuta isiyo na diski ndani yake. Haina pa kuhifadhia barua wala picha, wala hata ile programu kuu inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Inachokijua ni namba yake ya kuzaliwa, yenye tarakimu 12, iliyowekwa na kiwanda katika kadi yake ya mtandao, pamoja na namna ya kuuliza. Mengine yote huyaomba kwa kompyuta kubwa iliyo upande wa pili wa waya, ambayo tunaiita seva. Wazungu wameipa jina lenye maana ya mteja mwembamba. Mimi nitaiita kompyuta tegemezi, maana ndivyo ilivyo.

Wako wanaoidharau. Lakini kwa shule isiyo na fedha, mashine hii ni neema. Haina diski ya kuharibika wala ya kuingiliwa na virusi. Kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi ya mjini, ikiondolewa diski yake iliyochoka, huweza kutumika tena kwa miaka mingi, kwa kuwa kazi nzito hufanywa na seva. Fundi akiitengeneza seva moja, amezitengeneza kompyuta zote. Ubaya wake nao ni huohuo: asipopatikana wa kujibu, chumba kizima kinakuwa giza.

Nataka kuisimulia historia ya mashine hii kwa kifupi, na jinsi nilivyoitwa kuzitazama ishirini kati yake zilizokuwa zimekwisha kuhukumiwa. Naona kwamba historia hiyo na historia ya nchi yetu zinakutana katika swali moja: kitu kikituangusha, je, tunatafuta kilipokwamia, au tunakitupa?

Kompyuta ya kwanza hapa Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, na kazi yake ilikuwa hesabu za serikali. Enzi hizo kompyuta ilijaza chumba, na habari ziliingizwa kwa kadi zilizotobolewa matundu. Baadaye wizara ikahamia kwenye mashine za ICL 1900 kutoka Uingereza. Kufikia mwaka 1974 kompyuta za nchi nzima zilikuwa zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili. Zilikuwa saba hivi.

Mambo hayakwenda vizuri. Mfumo wa hesabu wa wizara ukaanguka. Waliozielewa mashine zile kwa undani walikuwa wageni wachache, na wenyeji wenye ujuzi walikuwa wachache zaidi. Mahesabu yakachelewa, yakachanganyika, fedha zikapotea. Nayo miaka yenyewe ilikuwa ya dhiki: bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, mvua zilikuwa haba, na fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Ndipo mwaka 1974 serikali ilipotoa amri ya kuzuia kompyuta kuingizwa nchini, na televisheni pamoja nazo. Aliyetaka kompyuta ilimbidi aombe kibali maalumu. Masharti yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na biashara huria ya miaka ya 1990 ikayamaliza.

Siandiki haya ili kuwacheka wazee wetu. Walikuwa na sababu, na nchi changa haiwezi kuchezea fedha zake. Lakini nikiitafakari amri ile naona jambo moja. Kilichoanguka kilikuwa mfumo mmoja, katika wizara moja, na kosa lilikuwa na mahali pake: ujuzi, maandalizi, usimamizi. Adhabu ikaiangukia kompyuta popote ilipo. Na wakati sisi tumefunga mlango, wenzetu walikuwa wakijifunza sanaa ya kutafuta kosa hatua kwa hatua.

Mwaka 1981 Karen Sollins, wa chuo cha MIT huko Marekani, aliandika kanuni za njia nyepesi ya kupeleka faili kutoka mashine moja hadi nyingine. Njia hiyo inaitwa TFTP. Ni nyepesi kweli: faili hukatwa vipande vya baiti 512, kikatumwa kimoja, kikasubiriwa kijibiwe kuwa kimefika, ndipo kitumwe kingine. Mwaka 1985 Bill Croft wa Chuo Kikuu cha Stanford na John Gilmore wa kampuni ya Sun Microsystems wakaandika kanuni za BOOTP, zinazoiwezesha mashine isiyo na diski kupaza sauti kwenye waya na kuuliza: anwani yangu ni ipi, na faili la kuniamsha liko wapi? Diski zilikuwa ghali wakati huo, na vyuo na ofisi zilitaka mashine nyingi zitumie diski ya mashine moja. Mwaka 1993 zikafuata kanuni za DHCP za Ralph Droms, zinazogawa anwani kwa muda na kuzirudisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Intel ikaziunganisha kanuni hizo katika utaratibu uitwao PXE, unaokaa ndani ya kadi ya mtandao yenyewe. Kompyuta uliyonayo ofisini, msomaji, yawezekana inao, ingawa hujapata kuutumia.

Upande wa seva, Linus Torvalds wa Finland alikuwa ameanza Linux mwaka 1991, mfumo ambao kila mtu anaruhusiwa kuuchukua, kuusoma na kuurekebisha bila kulipia leseni. Mwaka 1999 Jim McQuillan, wa jimbo la Michigan, akaanzisha mradi wa LTSP, unaoigeuza seva moja ya Linux kuwa mlezi wa kompyuta tegemezi nyingi. Mradi huo haukubaki Marekani. Kusini mwa Afrika, shirika la SchoolNet Namibia na Taasisi ya Shuttleworth ya Afrika Kusini walizitumia kompyuta za namna hiyo mashuleni. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu wa Sweden kilitoa mwaka 2004 programu za ofisini zilizo huru kwa lugha ya Kiswahili, zikaitwa Jambo. Nchi iliyokuwa imezuia kompyuta miaka thelathini kabla, sasa ilikuwa inazifundisha Kiswahili.

Nije sasa kwenye zile ishirini.

Mwaka 2018, miaka miwili baada ya Songwe kumegwa kutoka Mbeya na kuwa mkoa, niliitwa na shule moja ya sekondari isiyo mbali na Tunduma. Shule ile ilikuwa imepewa msaada wa kompyuta kuukuu ishirini zisizo na diski, pamoja na seva moja ya Linux. Zilifanya kazi vizuri mwaka mzima. Shule ilipofunguliwa Januari, zikagoma. Baadhi ya asubuhi zilikuwa zikiamka mbili au tatu, kesho yake haziamki hata moja, ama zinaamka nyingine kabisa. Jambo lisiloeleweka hupewa maelezo upesi. Wengine walisema umeme umeziunguza, wengine wakasema vitu vya msaada ndivyo vilivyo. Mtunza stoo alikuwa tayari ameziandika katika orodha ya mali ya kufutwa, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kuja kuzitazama.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa binti mdogo aliyetoka chuoni karibuni. Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya manila aliyoichora kibodi, herufi kwa herufi, na wanafunzi wa kidato cha nne, watoto wa wakulima wa kahawa na mahindi, walikuwa wakijifunza kupiga chapa kwa kugusa karatasi hiyo. Mtihani wa taifa haukuwa mbali.

“Shikamoo mzee,” alinisalimu. “Umekuja kuziaga? Zimekufa.”

“Marahaba mwanangu. Iliyokufa haisemi. Hebu washa mojawapo tuisikilize.”

Mashine iliwaka, ikaandika maneno machache meupe kwenye skrini nyeusi, kisha ikanyamaza. Mwalimu alitaka kuizima, kama walivyozoea kufanya. Nikamwomba asome ilichoandika. Palikuwa na alama: PXE-E53.

Hapa yanipasa nimweleze msomaji hatua zenyewe, maana anayezijua hawezi kupotea. Kompyuta tegemezi inapoamka hupita malango manne. Lango la kwanza, hupaza sauti kwa kila aliye kwenye waya: nipeni anwani. Lango la pili, anayejibu humpa anwani, na pamoja nayo jina la faili la kuamshia na mahali lilipo. Lango la tatu, mashine huenda kulichukua faili hilo kwa njia ya TFTP, kipande kwa kipande. Lango la nne, kiini cha Linux kikishaingia katika kumbukumbu ya mashine, hushikana na seva na kutumia diski ya huko kana kwamba ni yake. Ndipo skrini ya kuandika jina na neno la siri inapotokea.

Uzuri wake ni kwamba mashine ikikwama husema imekwamia lango gani. Ikiandika E51, maana yake: nimeita, hakuna aliyejibu. Hapo tazama waya, swichi, na kama seva imewaka. Ikiandika E32, maana yake: nimeelekezwa mlango, nimebisha hodi, sikufunguliwa. Hapo tazama huduma ya TFTP katika seva, au ukuta wa ulinzi unaoizuia. Na E53 maana yake: nimejibiwa, lakini sikuambiwa jina la faili.

Basi ile E53 ilikuwa habari njema. Kadi ya mtandao nzima, waya mzima, swichi nzima, na kuna mtu amejibu. Lakini seva ile ilipangwa itaje jina la faili kila inapojibu. Aliyejibu bila kulitaja ni nani?

Nikafungua daftari la matukio la seva. Seva ilikuwa imeandika kila kitu kwa uaminifu: nimesikia mashine ikiita, nimeiahidi anwani. Kisha kimya. Mashine haikurudi kuichukua ile ahadi. Nikauchomoa waya wa kompyuta mojawapo nikauchomeka kwenye kompyuta mpakato yangu. Seva ya shule ilikuwa ikigawa anwani zinazoanza na 192.168.67. Yangu ikapewa anwani inayoanza na 192.168.1. Katika waya ule palikuwa na wagawaji wawili.

Tulianza kuchomoa nyaya kwenye swichi, mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila mmoja tukaiwasha mashine tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini haraka haraka haina baraka. Waya wa saba ulipochomolewa, mashine iliita, ikajibiwa, na nukta nyeupe zikaanza kukimbia kwenye skrini. Mwalimu akapiga makofi. Tuliufuata waya ule kupitia dirishani, ukavuka ua, ukaingia ofisini. Wakati wa likizo ya Desemba ofisi ilikuwa imenunua ruta ya intaneti, na aliyeifunga aliiunganisha na swichi ya maabara ili waalimu nao wapate intaneti. Ruta hizo zinapotoka dukani huwa zimepangwa kugawa anwani kwa yeyote anayeita. Nayo ilikuwa nyepesi kuliko seva, ikajibu mapema. Kompyuta zile zilikuwa za aina inayoshika jibu la kwanza. Asubuhi ambazo seva iliwahi kwa bahati, mbili au tatu ziliamka. Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kuipata dawa hakukuwa kazi. Zilikuwapo njia tatu. Ya kwanza ni kuizima ruta isigawe anwani, lakini ofisi ingeweza kuibadilisha siku yoyote, na tatizo likarudi. Ya pili ni kuiacha ruta igawe anwani na kuipanga seva iwe msaidizi, ionyeshe jina la faili tu. Programu iitwayo dnsmasq inaweza kufanya hivyo. Ya tatu, ambayo ndiyo tuliyoichagua, ni kuifungia seva kadi mbili za mtandao: moja itazame ofisini kwenye ruta, nyingine itazame maabara. Kwa njia hiyo seva inakaa katikati kama kituo cha mpakani. Intaneti inapita kwake kwenda kwa wanafunzi, lakini katika waya wa maabara anayejibu ni mmoja tu.

Jioni ile tuliziwasha zote. Kumi na nane ziliamka. Mbili zilionyesha E51. Ya kwanza waya wake ulikuwa umetafunwa na panya nyuma ya kabati, tuliubadilisha, ikaamka. Ya pili kadi yake ilikuwa imekufa kwelikweli, na hiyo peke yake ndiyo iliyobaki katika orodha ya mtunza stoo. Moja kati ya ishirini.

Mkuu wa shule alikuja, akasimama mlangoni akizitazama skrini. Akauliza, “Kwa hiyo fundi, zilikuwa na ugonjwa gani?” Nikamjibu, “Mkuu, hazikuwa na ugonjwa. Zilikuwa zinajibiwa na asiyehusika.” Alicheka, lakini nadhani alielewa, maana kesho yake aliagiza kila waya shuleni uandikwe unakotoka na unakokwenda. Mwalimu naye aliyaandika malango manne kwenye manila mpya akaibandika kando ya ile kibodi ya karatasi. Miezi michache baadaye alinipigia simu kuniambia kompyuta zote zilionyesha E32 asubuhi moja, akaitazama huduma ya TFTP, akaikuta imesimama baada ya umeme kukatika usiku, akaiwasha mwenyewe. Hakuniita, alinipa habari tu. Niliifurahia simu ile kuliko malipo.

Ndugu msomaji, kuna bomba la mafuta la TAZAMA linalopita pande zetu hizi, lenye urefu wa kilomita 1,710, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Lilianza kufanya kazi mwaka 1968, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 na Zambia kufungiwa njia ya kusini. Mafuta yakipungua kufika Ndola, hakuna mwenye akili anayeamuru bomba lote ling'olewe. Watu hulifuata bomba, kituo baada ya kituo, wakipima mgandamizo, mpaka wafike pale ambapo kabla yake kuna mafuta na baada yake hakuna. Kosa liko hapo katikati. Ndivyo afanyavyo fundi wa mtandao, na ndivyo afanyavyo mganga hospitalini na mkaguzi wa hesabu katika vitabu vyake.

Najiuliza ingekuwaje kama mwaka 1974 tungekuwa na vijana hamsini waliofundishwa kufanya hivyo. Huenda ingeonekana kwamba baadhi ya yaliyofungwa kwa amri yangeweza kufunguliwa kwa mafunzo. Hatuwezi kuirudisha miaka ile. Lakini bado naona ugonjwa uleule katika mambo madogo. Pampu ya maji ya kijiji ikisimama, kamati huvunjwa. Chama cha ushirika kikipata hasara msimu mmoja, wanachama hukikimbia chote. Mtoto akifeli hesabu, tunasema hana akili, na hatuulizi alikwamia darasa la ngapi.

Kusema “imekufa” ni rahisi, nako kunatupumzisha, kwa sababu kilichokufa hakidai kazi zaidi. Kusema “imekwamia hapa” kunadai tukae chini, tusome alama zilizoandikwa kwenye skrini, tuufuate waya mpaka dirishani. Katika mkoa wetu, na mbali zaidi ya hapo, ziko stoo nyingi zenye mashine za msaada zilizofunikwa vumbi. Baadhi yake zimekufa kweli. Kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajaitwa, mtu aziwashe, asome zinachosema, na akiandike.